Nani Aivue Ndege Soksi?

Mwaka nilioingia kazini ni mwaka wa mahindi ya njano. Aliyeyala hanihitaji nimweleze. Yalikuwa mahindi ya msaada, unga wake unanuka gunia, sima yake haishiki mwiko, na ukishaila tumbo linakuuliza maswali. Kwetu Jilore tuliila na mchicha wa porini, na mwenye chumvi aliamkiwa mapema kuliko wengine. Kwa hivyo msiniulize tarehe. Tarehe ni za watu wa ofisini. Mimi miaka yangu naijua kwa sufuria.

Nawaandikia nyinyi vijana wa karakana. Siku mliyoniaga mliniomba neno, nikasema neno fupi, nikawaona mkitazamana. Basi hapa nawapa yaliyo nyuma yake. Wakati ninao. Watoto wangu wote wako Mtwapa, kila mmoja na chumba chake cha kupanga, na simu zao huja Jumapili, zikija. Darasa niliachia la tatu, lakini kuandika najua. Mjukuu wangu Kache amenirekebishia herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse. Kache mnamjua, ndiye mwanagenzi wenu, yule mrefu ambaye ovaroli imemkaa. Kiuno cha ile ovaroli nimekipunguza mimi. Mnaona lakini inavyomkaa?

Aliyenipeleka kazini ni Kadzo, jirani yangu, aliyekuwa akiosha ndege. Msicheke. Hewa ya chumvi inakula bati, inakula baiskeli, na ndege pia inaila, usipoiosha kwa maji matamu utakuta imetoka vidonda kama mbwa. Kadzo alisikia viti vya ndege vimechanika na mshonaji amehamia Mombasa. Akanikuta uani napepeta.

"Mama Sidi, wewe si unashona?"

"Nashona nguo."

"Ndege nayo yavaa nguo. Twende."

Nikadhani ananitania. Tukafika kiwanja cha ndege, nikasimama mlangoni pa karakana na viatu vyangu mkononi, maana niliona sakafu inang'aa nikafikiri haikanyagwi navyo. Akatokea mtu mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, mikono myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Huyo ndiye Fundi Swaleh wa Mambrui. Alikuwa fundi mkuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaangalia viatu vyangu.

"Vaa, mama. Hapa si msikitini. Umepata kushona nini maishani mwako?"

"Hando." Hando ni ile sketi yetu ya Kigiriama, marinda matupu, membamba, kitambaa kirefu chote kinakusanywa kiunoni.

"Rinda moja likienda kombo wafanyaje?"

"Nafumua yote."

"Na jua likiwa limekuchwa?"

"Nafumua yote kesho."

Akamgeukia Kadzo. "Huyu atakaa." Basi. Huo ndio usaili wangu. Siku hizi nawaona mnaletewa maswali kwenye kompyuta, na bado hamjui kuingiza uzi kwenye tundu.

Nilianza na viti, mikanda na mapazia. Lakini palikuwa na ndege moja kuukuu, ya kuvuta mabango juu ya fukwe, na hiyo mwili wake ulikuwa nguo. Nguo kabisa. Mabawa yake ni mbavu za mbao zimevishwa kitambaa. Nilipoambiwa nilisema moyoni, kumbe hawa watu ni wendawazimu, wanapanda mawinguni ndani ya shuka. Fundi Swaleh akanifundisha. Kitambaa kinavutwa juu ya mbavu, kisha kinashonwa kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto, inaingia juu inatokea chini. Kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama upande huu wa bawa, mwingine upande ule, hamwonani, mnapeana sindano kupitia nguo. Mimi nachoma, yeye anapokea, anakaza, ananirudishia. Uzi unapakwa nta ya nyuki. Si mshumaa, nasema tena, nta ya nyuki. Mimi nilikuwa nikitoa ya kwetu Jilore. Ukimaliza inapigwa dawa inayonuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, kitambaa kinakaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma.

Kwenye kazi ile mtu hujua mwenzake kwa mkono. Nilimjua Fundi Swaleh kwa jinsi alivyovuta uzi kabla sijajua ana watoto wangapi. Alivuta taratibu, halafu akangoja. Mara nyingine sauti ilitokea upande wa pili wa bawa, ikiniita kwa jina langu: "Bi Dama, hapo umewaza mambo ya nyumbani. Rudia." Na kweli nilikuwa nimewaza mambo ya nyumbani.

"Ndege ni kama mkwe," alikuwa akisema. "Mkwe hakuambii mchuzi umekosa chumvi. Atakula, atashukuru, ataondoka. Utakuja kujua baadaye."

Sasa nije kwenye vitambaa, maana ndipo penyewe.

Ndege ina matundu na vibomba ambavyo havitaki maji wala wadudu. Chini ya bawa kuna kibomba chembamba kama kidole kinachotazama mbele. Kile ndicho kinachonusa upepo, kikamwambia rubani anakwenda mbio kiasi gani. Nyigu wa huku wanakipenda mno. Ukikiacha wazi asubuhi, mchana wamejenga. Kwa hivyo kinavishwa soksi. Mimi ndiye niliyezishona soksi zote za kiwanja kile, za turubai, zenye kamba.

Fundi Swaleh alikuwa na sheria moja: aliyefunga ndiye anayefungua. Na ili ijulikane nani kafunga, kila mtu alikuwa na kitambaa chake cha kufungia kwenye soksi au kifuniko. Changu kilikuwa ukanda wa leso yangu ya njano yenye korosho. Kadzo alikuwa na ukanda wa leso ya zambarau. Katana, fundi kijana aliyetoka chuo, alikata jezi yake ya mpira. Fundi Swaleh mwenyewe, kikoi cha milia ya samawati. Rubani akiizunguka ndege yake akakuta kitambaa kinapepea, hakukigusa. Alipaza sauti: "Mwenye korosho! Njoo uchukue mali yako!" Nami natoka mbio, nimeaibika, wenzangu wanacheka mpaka wanashika magoti. Hapakuwa na maandishi. Palikuwa na aibu tu, na aibu ni karani mzuri.

Halafu ukaja mwaka ambao sukari ilipotea madukani, tukanywa chai kwa tende. Mwaka huo tajiri wa kampuni alileta utaratibu mpya kutoka ng'ambo. Vitambaa vyetu vikakusanywa kwenye ndoo vikachomwa. Tukapewa tepe nyekundu, zote sawa, zimeandikwa Kiingereza, nikazishonea kwenye soksi. Na ukutani upande wa mafundi ikabandikwa kadi ndani ya plastiki. Aliyeitafsiri ni Bwana Kombe, ambaye wakati huo alikuwa karani wa ofisi. Iliandikwa hivi: vifuniko vyekundu vitaondolewa na mhusika baada ya kazi kumalizika.

Tuliisoma wote. Niliisoma polepole, lakini niliisoma. Kadzo akasema, "Mhusika ndiye nani?"

"Labda ni mgeni," Katana akasema. "Atakuja na gari la Nairobi."

Tangu hapo Mhusika akawa mwenzetu. Sufuria ikiungua, mwiteni Mhusika. Choo kikiziba, Mhusika amekwenda wapi? Tulicheka naye sana. Mimi nimefanya kazi na Mhusika miaka mingi, na uso wake sijauona.

Fundi Swaleh peke yake hakucheka. Alimsimamisha Bwana Kombe pale pale mbele ya meza yangu ya cherehani, nami nashona pazia, naona, nasikia.

"Bwana Kombe, nieleze. Huyu mhusika ni aliyefunga, ni fundi, au ni rubani?"

"Fundi, si imeandikwa? Mhusika ni yule anayehusika."

"Nani anayehusika?"

"Ah, Fundi! Wewe ni mtu mzima. Someni kadi." Akatazama saa yake, akaenda zake na funguo zake zikilia kiunoni.

Fundi Swaleh akabaki amesimama. Akaniambia, "Bi Dama, umesikia jibu?"

Nikasema, "Nimesikia swali."

Jambo jingine mjue, nyinyi mliotoka mbali. Sisi watu wa bara ya huku, Jilore, Ganze na kwingineko, kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kitu hakiguswi ovyo. Ukikikuta kwenye mti, kwenye mlango, kwenye mpini wa jembe, kina mwenyewe na kina sababu yake. Hukifungui. Unapita mbali, na mkono unauweka nyuma. Hili halikuandikwa kwenye kadi, na aliyeileta kadi kutoka ng'ambo angelijuaje? Lakini Bwana Kombe ni mtoto wa huku huku.

Ikafika Ijumaa moja. Asubuhi Fundi Swaleh alibadilisha oili ya ndege ya abiria sita, akaangalia magurudumu, akafunga kazi yake, akanawa, akavaa kanzu, akaenda kuswali kama kila Ijumaa. Hakuna mtu kiwanjani asiyejua kwamba Ijumaa mchana hayuko. Alipokwisha kuondoka ndipo ofisi ilipotoa amri ndege ile ioshwe haraka, kuna wageni wanakwenda Lamu. Kadzo akavisha soksi, akaosha. Tepe ilikuwa inampiga usoni kwa upepo, akaizungusha kwenye kibomba akaichomeka. Akamaliza, akaenda kuosha nyingine. Soksi akaiacha, kwa sababu kadi ilikuwa upande wa mafundi, kwa hivyo mhusika ni fundi. Katana akapita akaona wekundu chini ya bawa, mkono akauweka nyuma. Cheti cha chuo hakimwondolei mtu mkono wa nyanyake. Rubani akaja amechelewa, akaitazama ndege imekauka, inang'aa, akasema moyoni mhusika ameshapita.

Mimi nilikuwa ndani na kiti mapajani. Niliisikia inakimbia. Sauti ya ndege inayopaa nilikuwa naijua, kuna mahali inajinyanyua na sauti inakuwa nyembamba. Siku ile haikuwa nyembamba. Ilikimbia, ikakimbia, kisha ikapiga kelele ya breki, kisha ikavunja kitu, kisha kimya.

Saa ya mwendo haikumwambia rubani kitu. Alingoja sindano ipande, haikupanda, na alipoamua kusimama kiwanja kilikuwa kimekwisha. Ndege ilipita kwenye ua, ikaingia shamba la muhogo, ikainamisha pua. Wageni walitoka na majeraha, mama mmoja mkono umevunjika. Rubani alitolewa juu ya mlango wa kibanda kama machela, mgongo umeharibika, na hakuruka tena mpaka leo. Nilifika pale na leso yangu nikamfunika jua usoni. Akaniuliza, "Mama Korosho, soksi ni yako?" Nikamwambia si yangu. Kisha nikatazama chini ya bawa nikaiona soksi. Niliishona mimi. Mshono wake ulikuwa mzuri, hata chembe ya vumbi isingeingia.

Kabla wakaguzi hawajafika kutoka Nairobi, Bwana Kombe alituita wote, tukazunguka meza yangu kwa sababu ndiyo ilikuwa kubwa. Fundi Swaleh hakuitwa.

"Mtaulizwa swali moja," Bwana Kombe akasema. "Kwamba kadi ilipobandikwa, fundi mkuu aliambiwa mhusika ni yeye. Jibu ni ndiyo, aliambiwa. Kampuni ikifungwa, sote tunakwenda nyumbani. Tumeelewana?"

Katana akatazama viatu vyake. "Ndiyo."

Kadzo akasema, "Aliambiwa." Alisema upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Ikafika zamu yangu. Sikuwa nimejipanga. Mimi si mtu wa hotuba. Nikasema, "Nilimwona akiuliza. Sikumwona akijibiwa. Sisemi jingine."

"Mama Sidi, hakuna anayekuomba uongo."

"Basi nimekusaidia, kwa sababu sikuusema."

Kadzo akanifuata nje mpaka kwenye tangi la maji. "Dama, wataka nife njaa na wanangu? Soksi niliivisha mimi. Asipokuwa Swaleh nitakuwa mimi!"

"Sikusema ni wewe. Sitasema ni wewe. Ni kadi, Kadzo. Hakuna aliyejua."

"Kadi haifukuzwi kazi!"

Hapo alinishinda. Kadi kweli haifukuzwi kazi. Nilimwambia nitagawana naye sima yangu kama ataondolewa. Akatema mate chini, akaondoka. Huyo ndiye mtu aliyenikuta napepeta akaniambia twende.

Mkaguzi alikuwa mpole, ana miwani, aliniita mama na kunipa kiti. Akauliza swali lile. Nikamjibu maneno yale yale. Akasema, "Yaani hakuambiwa?" Nikamwambia niliyoyaona nimeyasema, ya kukisia hayamo. Akauliza kazi yangu, nikasema mshonaji. Akauliza darasa langu, nikamwambia. Kalamu yake ikapumzika. Wengine wote walikuwa wamesema aliambiwa, na mmoja wao ana cheti.

Fundi Swaleh akaachishwa, na ruhusa yake ya kushika ndege ikachukuliwa. Alikuja siku moja kuchukua vyombo vyake. Kila mtu alikuwa na kazi ya haraka upande mwingine wa karakana. Akasimama kwangu, akaniwekea mezani kile kigozi chake cha kiganjani, cha kusukumia sindano nene.

"Wewe ndiwe unayekihitaji," akasema. "Lakini Bi Dama, umejitia upweke bure, wallahi. Lisingebadilika kitu."

"Ningebadilika mimi."

Akacheka kidogo. "Rinda moja."

"Nafumua yote, Fundi."

Alirudi Mambrui akawa anatengeneza pampu za maji. Idi nilikwenda kumtazama. Mkewe alinikaribisha mahamri na mbaazi, mzee akaniuliza habari za ndege moja moja kwa namba zake, kama mtu anayeuliza watoto wa shangazi. Hakuuliza habari za watu. Alipofariki nilikwenda matangani, nikakaa na akina mama. Kutoka kiwanjani tulikuwa mimi na mimi.

Kazini sasa. Mnajua desturi ya huku, mtu hali mbele yako bila kusema karibu. Hata akila kipande kimoja cha muhogo atasema karibu, na wewe utasema starehe. Mimi niliacha kusikia karibu. Nilikuwa nikipita pale walipokula, mazungumzo yanapungua kama taa ya mafuta yakiisha, na vidole vinaendelea kuchovya. Hakuna tusi linaloshinda hilo. Ni kuambiwa umekufa, ila hujazikwa kwa sababu kuna viti vya kushona. Nikawa nakula nyuma ya tangi. Chai nikawa nachemsha yangu, kwenye kopo. Siwalaumu wote. Mtu akikutazama wewe anaona alichokisema yeye, na chakula hakishuki.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ile ndege ya nguo. Bawa lilipotaka kushonwa upya, nilisema nahitaji mtu wa upande wa pili. Katana alikuwa na kazi. Kadzo alikuwa na mgongo. Basi nilichoma sindano upande huu, nikazunguka bawa, nikaipokea mwenyewe, nikakaza, nikairudisha, nikazunguka tena. Bawa zima hivyo. Kwenda na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kambani. Kuna wakati nilikaza uzi kisha nikangoja, kwa mazoea, sauti iniambie nimewaza mambo ya nyumbani. Nilikuwa nimewaza kweli. Nikafumua mwenyewe.

Ndege ile iliuzwa baadaye. Kadzo alistaafu akaenda kwa wanawe Ganze. Mwaka mmoja wa ukame alinitumia debe la mahindi kwa mtu wa njiani, bila salamu. Nikayala. Nikamrudishia debe na leso ndani yake, ya zambarau, bila salamu. Hivyo ndivyo tulivyozungumza. Amekufa mwaka juzi.

Na kadi? Ilibadilishwa kimya kimya baada ya ajali. Sasa inasema mlichozoea kukiona: aliyevisha ndiye avue, na jina lake liandikwe kwenye ubao. Sheria ya Fundi Swaleh ile ile, imerudi imevaa suti. Hakuna aliyesema imetoka wapi.

Miaka yangu ya mwisho ilipata mwanga kidogo, kwa sababu Kache, mtoto wa Sidi wangu, alisomea ndege Nairobi akaletwa kiwanja kile kile. Siku ya kwanza alipoingia karakana, viatu miguuni, nilijificha nyuma ya pazia nikalia, na sisemi zaidi. Tukawa tunakula pamoja nyuma ya tangi. Yeye ndiye aliyeanza kuniambia tena, "Karibu, Hawe." Hawe ni nyanya kwetu.

Jumapili moja amekuja Jilore, tunachambua mbaazi, akasema, "Hawe, juzi tumefundishwa makosa. Bwana Kombe alituonyesha picha. Palikuwa na fundi mmoja zamani, aliambiwa avue soksi, akapuuza, akaenda zake msikitini, ndege ikaanguka. Ulimjua?"

Nikaweka ungo chini. "Ana jina huko kwenye picha?"

"Wamemwita Fundi S."

"Alikuwa na jina zima," nikamwambia. Nikamsimulia, mbaazi zikabaki.

Kumbe kila mwaka wanagenzi wanafundishwa hivyo. Yule mtu amekufa, na bado kila mwaka anaachishwa kazi upya.

Wiki niliyotakiwa kuondoka, Bwana Kombe, ambaye sasa ni meneja na nywele zimekuwa nyeupe, alikuja mwenyewe mpaka kwenye cherehani. Akavuta kiti. Miaka yote ile hakuwahi kuvuta kiti.

"Mama Sidi, siku ya kukuaga nitawaambia vijana wasikilize. Wewe ndiwe shahidi uliyebaki. Utasema tu, fundi aliambiwa. Ni somo, liwasaidie. Marehemu hadhuriki."

"Anaye mke."

"Mama." Akashusha sauti. "Kache anamaliza uanagenzi. Ni hodari. Nataka tumwajiri."

"Mwajirini, ni hodari."

"Basi tusaidiane."

Nilimwambia Kache yote, kwa sababu mkate ni wake. Nikamwambia, "Mimi nimekwisha kazi, hakuna wanachoweza kuniondolea. Wewe wanakuweza. Sema, na nitakusikia." Akakunja na kukunjua mkono wa ovaroli. Akasema, "Hawe, wakiniajiri kwa neno hilo, siku nikiuliza swali nani ataniambia?" Hakusema zaidi. Leo naandika haya bado hajaitwa. Kila jioni anapiga simu, anasema tusubiri, namwambia ale.

Mlikuwapo siku ile, mliona. Pilau, soda, biskuti. Mlinivisha leso mpya ya njano yenye korosho. Sijui ni nani aliyewaambia, na nilishukuru, ingawa uso wangu hamkuusoma. Kila mtu alisema karibu mama, karibu mama, kwa mdomo mmoja, na nyama ikanikwama kooni kwa sababu ya kukosa mazoea. Kisha Bwana Kombe akasimama, akaonyesha picha ya ndege yenye pua ardhini, akasimulia habari ya Fundi S., akamaliza akanigeukia mbele yenu nyote.

"Huyu mama alikuwapo. Mama Sidi, waambie vijana. Fundi aliambiwa, au hakuambiwa?"

Kache alikuwa safu ya mbele. Aliweka sahani yake chini. Nami nikasimama na leso yangu mpya begani, kigozi cha Fundi Swaleh ndani ya kiganja, nikasema:

"Nilimwona akiuliza. Sikumwona akijibiwa. Sisemi jingine."